Mdogo wangu anataka kuacha unga: nimpe mitishamba gani ya arosto?

SWALI

Habari za kazi, washauri. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Tandale. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26, anatumia unga, yaani heroini. Alianza na kokteli, ile bangi iliyochanganywa na unga, baadaye akawa anavuta unga mtupu, na sasa nahisi ameanza kujidunga maana siku hizi anavaa mikono mirefu hata jua likiwa kali. Mwenyewe amechoka na anataka kuacha. Kinachomshinda ni arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Akikosa kete tangu asubuhi, jioni anapiga miayo, machozi na makamasi yanamtoka, tumbo linamnyonga, anahara, usiku halali, analia mifupa.

Tulimnunulia Kariakoo dawa ya majani ya "kusafisha damu", chupa ya lita moja na nusu kwa shilingi 45,000. Nyeusi, chungu, haina karatasi yoyote. Alikuwa anakunywa kikombe asubuhi na jioni. Akaharisha mpaka akawa hawezi kusimama, halafu akatoroka na kurudi akiwa ameshatumia. Muuzaji anasema huo ndio uchafu unatoka, tuongeze chupa ya pili. Jirani anatuambia tumfungie chumbani siku saba na tumpe valiamu alale, akitoka amepona. Shangazi kutoka Muheza yeye anasema mwarobaini na kujifukiza. Mama, ambaye ana presha, hataki kusikia habari za kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa watu wa unga. Anasema huko ni kuacha unga wa mtaani na kushika unga wa serikali.

Naomba mniambie ukweli. Kuna mitishamba inayosaidia arosto? Kwa kiasi gani? Na tumfungie au tusimfungie?

Dada wa Tandale

JIBU

Dada, poleni nyote hapo nyumbani. Kuna mitishamba inayopunguza makali ya arosto, tutakupa na vipimo. Lakini hakuna mti unaomtoa mtu kwenye unga, na yule muuzaji amewauzia kitu kilichofanya kazi kinyume kabisa.

Unga haujikusanyi kwenye damu ukingoja kusafishwa. Ini na figo huutoa zenyewe ndani ya muda mfupi, bila kusaidiwa na chupa ya mtu. Arosto inakuja kwa sababu unga umeshatoka. Mwili ulizoea kukandamizwa nao, ukiondoka ghafla kila kilichokuwa kimebanwa kinafyatuka kwa pamoja: utumbo uliokuwa umelala unaanza kukimbia, pua na macho yaliyokuwa makavu yanamwaga maji, mboni zinatanuka, usingizi unapaa. Kwa hiyo anapohara hatoi uchafu wowote. Anapoteza maji na chumvi. Dawa nyingi za "kusafisha" hutengenezwa kwa sanamaki au shubiri, na kazi ya hizo ni kuendesha tumbo. Mtu anayeharishwa na arosto akipewa sanamaki, potasiamu inashuka, miguu inakosa nguvu, mapigo ya moyo yanavurugika. Kushindwa kusimama kwa mdogo wako kulikuwa dalili ya hatari, na chupa ya pili isingemfaa kitu.

Chupa isiyo na lebo ina ubaya wa pili: wapo wanaochanganya humo vidonge vya hospitali vilivyosagwa ili mgonjwa alale na aamini dawa ni kali. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa. Muuzaji akishindwa kukuonyesha usajili wala kukutajia kilichomo, rudi na hela yako nyumbani.

Sasa kabla hujachemsha hata jani moja, muulize mdogo wako maswali mawili, mkiwa wawili tu bila mama kuwapo. Je, anakunywa pombe kila siku, iwe gongo, konyagi au bia? Je, anameza valiamu au vidonge vingine vya usingizi pamoja na unga? Arosto ya unga peke yake inatesa sana, ila kwa kijana mwenye afya anayepewa maji ya kutosha ni nadra kuua. Ya pombe na ya valiamu inaua. Mnywaji wa kila siku akikatisha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, homa na kutetemeka mwili mzima. Hapo hakuna cha mchaichai wala cha tangawizi. Jibu likiwa ndiyo, msijaribu nyumbani hata siku moja, nendeni hospitali. (Na msomaji mwingine mwenye dada au binti mjamzito anayetumia unga: asikatishe ghafla. Arosto inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Aanze kliniki ya methadoni akiwa na mimba hiyohiyo.)

Kama ni unga tu, mnajua mnachokwenda kukutana nacho. Dalili huanza muda wa saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, zinapanda, na siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Kuanzia siku ya tano zinalegea, na wengi ndani ya wiki moja hadi siku kumi mwili umetulia. Usingizi mbovu, uchovu na hamu ya unga hubaki wiki nyingi baada ya hapo. Angalia alivyotoroka: alikimbia palepale kwenye kilele, na chupa ile ilikuwa imemwongezea mzigo.

Kitu cha kwanza kumpa ni maji yenye chumvi na sukari. ORS ya dukani ndiyo bora, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Kijiko cha kilima kinaharibu kipimo, na chumvi ikizidi inamdhuru badala ya kumsaidia. Onja: isizidi uchumvi wa machozi. Kila akihara anywe glasi moja kubwa. Kama anatapika, msimpe glasi nzima kwa mpigo. Subirini dakika kumi, kisha vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika chache; tumbo linapokea vijiko hata linapokataa kikombe. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga utengeneze mwingine. Dafu ni zuri kwa sababu lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, hivyo limpe katikati ya ORS na lisichukue nafasi yake. Chakula kiwe uji mwembamba wa mchele, ndizi mbivu, supu isiyo na mafuta mengi.

Tangawizi ndiyo mmea tunaouamini zaidi kwenye orodha hii, na kazi yake ni kichefuchefu. Chukua kipande kibichi cha ukubwa wa pingili ya juu ya kidole gumba, kioshe, kiponde, kichemshe dakika kumi kwenye vikombe viwili vya maji huku sufuria imefunikwa. Anywe kikombe kimoja kidogo kidogo ndani ya nusu saa, mara tatu kwa siku. Watu wanakosea kwa kuongeza tangawizi wakidhani kali ndiyo dawa. Ikizidi inachoma kifua, na mtu ambaye hajala siku nzima ataitapika. Msiiweke majani ya chai. Na kahawa ya birika ya mtaani, hata ikiwa imejaa tangawizi, imeondoka kwenye ratiba yake wiki hiyo: kafeini inaongeza wasiwasi, mapigo ya moyo na kukesha.

Kwa kuhara kuna majani ya mpera. Chuma majani machanga ya nchani kama manane, yaoshe, yachemshe kwenye nusu lita ya maji dakika kumi, chuja. Nusu kikombe mara tatu kwa siku, siku mbili au tatu basi, ukiacha tumbo likikaza. Yanapunguza kuhara ila hayarudishi maji yaliyopotea, kwa hiyo ORS inaendelea palepale. Mkiona damu kwenye choo au homa kali, hiyo si arosto tena. Acheni majani, mpelekeni akapimwe.

Mchaichai mpe jioni. Majani matano au sita mabichi, yakate vipande, mimina maji yanayochemka, funika dakika kumi, weka asali kidogo. Msitegemee kwamba utamlaza kama kidonge. Ni kinywaji cha moto kisicho na kafeini, kinatuliza tumbo lililovimba gesi, na mtu anayetetemeka kwa baridi katika joto la Dar anahitaji kitu cha moto mkononi.

Maumivu ya miguu na mgongo yanataka kukandwa. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, matone matano ya mafuta ya karafuu, changanya, kanda mapaja, mashavu ya miguu na kiuno. Karafuu isiyochanganywa inaunguza ngozi. Na kabla ya kumkanda mwangalie mikono na kinena. Kama kweli anajidunga, unaweza kukuta jipu, uvimbe wa moto au kidonda; hapo usipake chochote wala usibinye, ni kazi ya hospitali. Parasetamoli inaruhusiwa, vidonge viwili vya miligramu 500, isizidi mara nne kwa saa 24, na iwe mara tatu tu kama ini lake lina shaka. Wanaojidunga wengi wana homa ya ini bila kujua.

Hilo la ini linatupeleka kwa shangazi. Mwarobaini haugusi arosto hata kidogo. Unashusha sukari ya damu, na kwa mtu asiyekula hilo linamwangusha. Ukinywewa kwa wingi siku nyingi, ini linaumia. Tunamheshimu shangazi, ila uchungu wa dawa haujawahi kuwa kipimo cha nguvu yake. Kujifukiza nako, ambako tangu 2020 kila nyumba ina fundi wake, kunamtoa jasho mtu ambaye jasho lishamkausha. Akisimama kutoka kwenye nyungu presha inaporomoka, anadondoka, mara nyingine juu ya sufuria ya maji ya moto. Akitaka mvuke kwa ajili ya mafua, bakuli la maji ya moto mezani, dakika tano, awe amekaa na mtu yuko pembeni. Kuoga maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku kunamtuliza kuliko nyungu.

Kungumanga watu huisifia kwa usingizi. Chembe ya kuonjesha uji haina neno. Kokwa nzima mbili zikisagwa zinakuwa sumu: moyo kwenda mbio, kutapika, kuona mauzauza kutwa nzima. Mnanaha (datura) usiingie nyumbani kabisa, unaua. Habasoda kijiko kimoja cha chai kwenye asali haitamdhuru, ila ushahidi wake kwa arosto ni mwembamba mno kuitolea hela ya ORS.

Kuhusu kumfungia: hapana. Mtu anayetapika, aliyelegea, nyuma ya mlango wa kufuli, anaweza kupaliwa na matapishi yake huku nyie mko uani mnafurahi kwamba ametulia. Valiamu ya jirani inaongeza hatari hiyo mara mbili, kwa sababu akifanikiwa kutoka na kutumia unga juu yake, vyote viwili vinazima pumzi kwa pamoja. Mnachohitaji ni zamu: mtu mmoja macho usiku, ndoo, ORS, simu yenye chaji, na mlango uliorudishwa tu. Asipokojoa kwa saa nane, akichanganyikiwa, akizimia, akitapika damu au akitapika kila kitu kwa siku nzima, bodaboda au bajaji mpaka hospitali bila kusubiri kikao cha ukoo.

Tuje kwa mama sasa, maana hapa ndipo maisha ya kijana wenu yalipo. Tuseme wiki imepita salama, tangawizi imefanya kazi, anakula, analala kidogo. Nyie mtapumua. Kumbe hapo ndipo pabaya zaidi. Uzoefu wa mwili wake kwa unga umeshuka, hamu haijashuka. Akirudi maskani akatumia kipimo chake cha zamani, kile alichokuwa akikimudu mwezi uliopita kinaweza kumuua leo. Ndiyo maana hatumshauri mtu wa unga amalize arosto nyumbani halafu basi. Wengi hurudia, na kurudia baada ya mapumziko ndiko kunakozika vijana.

Methadoni inafanya kazi hivi. Heroini inaisha nguvu baada ya saa chache, kwa hiyo teja hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku na kila akishuka anatafuta hela. Methadoni ni ya kunywa, inapanda taratibu na inamshika mtu siku nzima na zaidi. Dozi ikikaa sawa hapati stimu wala hapati arosto, anakwenda kazini. Habebi bomba, hivyo hatari ya VVU na homa ya ini inashuka. Muhimbili walianza huduma hii Februari 2011, wakafuata Mwananyamala na Temeke. Kwenu Tandale, Mwananyamala ni jirani kabisa. Dawa haiuzwi, anakunywa mbele ya mhudumu kila siku. Anapimwa mkojo kuthibitisha, anaanzishiwa dozi ndogo, inaongezwa pole pole kwa siku na wiki, kwa sababu methadoni hujilimbikiza mwilini na kuharakisha kunaua. Siku za mwanzo bado atasikia arosto kidogo. Hapo mchaichai, tangawizi na kukandwa vina kazi nzuri kweli, na asiongezee kete juu ya dozi.

Mwambie mama pia kwamba haina haraka ya kuisha. Ni tiba ya miezi na miaka, na presha yake na vidonge vyake vya kila siku vitamsaidia kulielewa hilo.

Siku ya kwanza nenda naye wewe, asubuhi, kabla hajapata sababu ya kuahirisha. Semeni vyote anavyotumia, mitishamba ikiwemo. Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu, lazima waambiwe: rifampisini inaharakisha kuvunjwa kwa methadoni, arosto inarudi katikati ya siku, na ndugu wanadhani dawa ni feki kumbe dozi inahitaji kurekebishwa. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi, hufanya vivyo hivyo. Akikosa dozi siku tatu mfululizo, asinywe kipimo kile cha zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Aseme, wampime upya. Siku atakayoruhusiwa kubeba dozi nyumbani, iwekwe kwenye kufuli, mtoto mdogo akiionja inaweza kumuua. Na msishangae kuhara kukigeuka kuwa choo kigumu, methadoni ndivyo ilivyo: papai, ubuyu, maji mengi, na kutembea. Msipojua pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, 119.

Jambo la mwisho lijulikane na kila mtu hapo nyumbani, hata na yule jirani. Mkimkuta haamki mkimwita na kumfinya, anapumua kwa kukoroma au mara moja moja, midomo imekuwa ya bluu, mboni zimebana kama ncha ya sindano, amezidisha. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi. Inua kidevu, ondoa kilichomo mdomoni. Kama hapumui, bana pua na umpulizie mdomoni, pumzi moja kila sekunde tano, hata ndani ya bajaji njiani. Kama anapumua, mlaze ubavu. Kwenye mapokezi semeni wazi kwamba ametumia unga, saa ngapi, na kama kulikuwa na pombe au vidonge, ili wasipoteze muda kutafuta malaria wakati anachohitaji ni naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga. Naloksoni huisha nguvu mapema, wakati mwingine kabla ya unga kuisha, kwa hiyo hata akiamka na kudai yuko sawa, msikubali aondoke mpaka daktari amruhusu.